Uwanja wa kanisa ufagiwe hadi wapi?

Makanisa mengi ya Dodoma yana uwanja uliofagiwa hadi udongo mtupu. Wanaoutetea ufagio wana hoja: nyasi ndefu huficha nyoka, na ukifika Septemba cheche moja yatosha kuunguza kiwanja kizima. Hoja hizo zisibezwe. Mita tano kuzunguka jengo, njia, na mahali pa kukusanyikia wakati wa misiba pabaki peupe.

Kosa ni kufagia hata chini ya miti. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Tupige hesabu. Paa la mita za mraba 200 hupokea lita 200 kwa kila milimita. Mvua moja ya milimita 20 ni lita 4,000, na kwa mwaka ni kama lita 110,000! Maji hayo yakikuta ardhi kavu isiyo na majani huchimba makorongo na kuuacha msingi wazi. Nyufa zikitokea, waumini huchangishwa upya. Yakipelekwa kwa mfereji hadi kwenye shimo pana la nusu mita kwenda chini, mbali na msingi, lililojaa majani yaliyoanguka, huzama taratibu na kuunywesha mkwaju ulio jirani.

Miche si lazima inunuliwe. Pembezoni mara nyingi kuna visiki vilivyo hai. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, pogoa mengine kwa kisu kikali, funga kitambaa ili wachunga mbuzi waone. Mbuzi wakila ncha, kazi inaanza upya.

Na nyoka? Hufuata panya, na panya hufuata magunia ya sadaka ya mavuno na marundo ya matofali ya jengo lisilokwisha. Yaondolewe hayo kwanza. Bundi anayefukuzwa mnarani kwa kudhaniwa mkosi ndiye anayewala panya hao usiku.

Beseni la ndege liwe na kina cha sentimita 5, na jiwe katikati ili nyuki wasizame. Maji yamwagwe kila baada ya siku mbili. Kiluwiluwi huhitaji takriban wiki kuwa mbu.

Benchi la wageni likae mashariki mwa shina, kivuli kinakoangukia alasiri, na sementi isilifikie shina.

Mpaka wa ufagio uwekewe mawe yaliyopakwa chokaa, la sivyo zamu mpya ya usafi wa Jumamosi itafagia tena hadi kwenye mizizi.