Maji ya mtambo wa samadi yatoke wapi?

Mtambo wa gesi ya samadi una watetezi wengi Malindi, na hoja zao zina mashiko. Joto la huku, ambalo kwa kawaida halishuki chini ya nyuzi 20, huwafaa vijidudu wanaozalisha gesi kuliko baridi ya Limuru. Ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa bandani hutoa kama kilo 30 za samadi kwa siku. Hizo ni takriban lita 1,000 za gesi, yaani jiko moja kuwaka saa tatu hivi. Tope linalotoka nalo ni mbolea. Hayo hayana ubishi.

Lakini mfugaji wa Langobaya au Magarini akisema hautaki, huambiwa ni mshamba asiyejua maendeleo. Anaonewa. Mwenzetu amepiga hesabu ya maji.

Kilo 30 za samadi hukorogwa na lita 30 za maji: dumu moja na nusu kila siku, Idi na Jumapili zikiwemo. Kabla ya hapo kuna kuujaza. Mtambo wa mita za ujazo 6, ukiacha nafasi ya gesi, humeza karibu lita 4,500 za tope, nusu yake maji. Ni madumu zaidi ya 100 kabla birika la kwanza halijachemka. Mwenye mfereji haoni taabu, hadi siku maji ya bomba yanayotoka Baricho yakatike. Anayenunua kwa mkokoteni je? Na mama anayeteka mto Sabaki, kwenye mamba? Makaa ya jikoni yanamgharimu, ndiyo, ila hayamdai maji.

Ukipunja maji, tope huwa zito, gamba likafanyika juu, gesi ikakwama chini yake. Hapo fundi ndiye hulaumiwa. Watetezi husema utumike mkojo wa ng'ombe. Unasaidia kwa sehemu, lakini ukizidi, amonia yake huwadhoofisha vijidudu, na kuukusanya kwahitaji sakafu ya saruji yenye mteremko. Maji ya visima vya chumvi nayo, chumvi ikiwa kali, hupunguza gesi.

Kisha kuna mchanga. Ng'ombe wa kienyeji hushinda machungani, hivyo samadi ya zizini ni ya usiku tu, tena huzolewa na mchanga. Mchanga hauozi. Hutuama chini mwaka hadi mwaka, nafasi ya tope ikipungua, mpaka mtambo ufunguliwe na kukombwa. Asiingie mtu mle kienyeji, hewa yake huua.

Aliye na ng'ombe wa bandani, sakafu ya saruji na tangi la kuvuna mvua ya masika, asisite kujenga. Wengine wapime kwanza, na wapime Februari kiangazi kimekolea, si Mei: samadi ya siku 14 kwa mizani, maji kwa dumu. Samadi isipofika kilo 20 kwa siku, waachane nao. Ikifika lakini maji ni ya kununua, pesa za saruji zianze na tangi la mvua.