Domeni nyingi, seva moja: nini kiungane, nini kitengwe

Mwenye kampuni tatu ana haki ya kuuliza kwa nini agharamie seva tatu za barua pepe. Kiufundi halazimiki. Postfix, programu ya seva ya barua pepe iliyotoka mwaka 1998, hupokea barua za domeni nyingi (majina yanayofuata alama ya @) bila taabu, na rekodi za MX, zinazosema barua za domeni zipelekwe seva gani, za domeni zote zaweza kuelekezwa kwenye seva ile ile. Masasisho, nakala rudufu na uchujaji wa barua taka hufanywa mara moja. Kwa fundi aliye peke yake, seva moja inayotunzwa ni salama kuliko tatu zilizosahauliwa.

Hofu moja inayosikika sana haina msingi: kwamba rekodi ya PTR, inayotaja jina lililo nyuma ya anwani ya IP (namba ya seva kwenye mtandao), lazima ilingane na kila domeni. Inatakiwa ilingane na jina la seva yenyewe, basi.

Kwenye kupokea kuna mtego mmoja. Domeni zote zikiandikwa kwenye Postfix kama za ndani, programu huangalia tu jina lililo kabla ya alama ya @. Hapo "info" wa kampuni hii na "info" wa kampuni ile huwa na kisanduku kimoja, na siri ya mteja wa huku ikasomwa kule. Domeni zisajiliwe kwenye Postfix kama domeni pepe (virtual), ambazo kila moja ina visanduku vyake, na kila mtumiaji aingie kwa anwani yake kamili.

Ugumu wenyewe uko kwenye kutuma. Kwa kawaida seva moja hutuma kupitia anwani moja ya IP, na wapokeaji huipima sifa anwani hiyo. Nenosiri la mfanyakazi mmoja likiibwa usiku na kutumiwa kumwaga barua taka, asubuhi IP iko kwenye orodha za kuzuiwa, na ankara za kampuni mbili zisizo na kosa zinarudishwa. SPF, DKIM na DMARC, mbinu za kuonyesha kwamba barua imetoka kweli kwa domeni inayotajwa, huithibitisha kila domeni kivyake, na kila domeni ipewe ufunguo wake wa DKIM, lakini hakuna hata mojawapo inayosafisha IP iliyochafuka.

Ndiyo maana mimi nasema: unganisheni visanduku, tenganisheni njia za kutokea. Hasa kama kampuni mojawapo hutuma matangazo kwa wingi. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwadai watumaji wakubwa SPF, DKIM na DMARC zote tatu, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Kampuni ya namna hiyo iwe na IP yake, na watumiaji wote wawekewe kikomo cha barua kwa saa. IP ya ziada ni gharama ndogo ukilinganisha na siku nzima ya ankara zisizofika.

Wenye kampuni wakiwa tofauti, nasita zaidi. Msimamizi wa seva anaweza kufungua kila kisanduku, na hakuna mpangilio wa Postfix unaoliondoa hilo. Wakikubaliana hata hivyo, wafanyakazi waunganishwe kwa jina la seva lililo chini ya domeni ya kampuni yao. Kampuni ikiuzwa, visanduku vitahamishwa, rekodi za DNS (zinazoelekeza majina kwenye seva) zibadilishwe, na simu za wafanyakazi zisiguswe.