Eti "punguza mdomo"

Wiki iliyopita nilipanda mizani kliniki, ninakochukua dawa zangu za VVU, mshale ukagota kwenye 81. Nesi akaitazama kadi, akanitazama mimi, akairudia kadi. Miaka miwili nyuma nilikuwa na 69. "Dada, punguza mdomo." Kwa muda kidogo nilidhani ananikataza kuongea, nikanyamaza, jambo linalonitokea kwa nadra sana. Akaandika "ushauri wa lishe umetolewa", akaita namba inayofuata.

Ushauri upi? Hakuuliza ninakula nini. Hakuuliza nilibadilishiwa dawa lini, na jibu alikuwa amelishika mkononi: nilitolewa kwenye efavirenzi nikawekwa kwenye dolutegraviri, na kilo zikaanza kuingia miezi ileile.

Sina ugomvi na dolutegraviri. Virusi havionekani kwenye kipimo, na usingizi umenirudia. Na ndiyo, kila kilo ilipitia mdomoni, sikuivuta kwa pua. Ninachokataa ni hukumu ya dakika moja.

Efavirenzi huvunjwa na ini, na kazi kubwa hufanywa na kimeng'enya kinachotokana na jeni iitwayo CYP2B6. Nakala moja umepewa na baba, nyingine na mama. Wapo waliorithi nakala mbili zembe, na aina hiyo ni ya kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko wa Ulaya. Kwao dawa haiondoki haraka, inarundikana kwenye damu. Mimi sijapimwa jeni, lakini naukumbuka usiku wangu wa efavirenzi: ndoto za kukimbizwa, asubuhi naenda chooni nimeshika ukuta. Niliposema, niliambiwa nitazoea.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa ADVANCE, watu 1,053 huko Johannesburg, wote wakianza dawa. Baada ya wiki 48, wanawake wa dolutegraviri na tenofoviri ya kawaida, dawa nyingine ya VVU inayomezwa pamoja nayo, walikuwa wameongezeka kilo 3.2 kwa wastani. Waliochanganyiwa na tenofoviri ile mpya, 6.4. Wa efavirenzi, 1.7 tu. Kila mtu akainyooshea dolutegraviri kidole. Kisha wachunguzi wakaangalia jeni, na hapo ndipo hadithi ilipogeuka: wa efavirenzi wenye ini jepesi, linalovunja dawa haraka, walinenepa karibu sawa na wenzao wa dolutegraviri waliomeza tenofoviri ileile ya kawaida. Ambao uzito wao haukupanda ni wale wa ini zito, wenye dawa tele kwenye damu. Yaani efavirenzi ilikuwa imewakalia watu mabegani! Ukimwondolea mtu mzigo wa namna hiyo, kisha akainuka, utamwita mlafi?

Tena si mara ya kwanza miili yetu kusomwa vibaya. Enzi za stavudini, dawa ya VVU ya zamani, watu walikonda mashavu na mishipa ikachomoza miguuni, mtaani wakatambuliwa kwa sura, hadi mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliposhauri dawa hiyo iachwe taratibu. Dawa ile iliharibu mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, na hata hivyo wawili waliomeza kidonge kimoja kwa miaka ileile hawakufanana mashavu.

Haya, nakubali, shingo upande: kutembea kunasaidia, sukari na presha havisikilizi visingizio vya jeni, na kuna kilo ambazo ni afya tu inarudi. Wala sidai kila kliniki inunue mashine ya kusoma jeni. Nadai swali moja kabla ya karipio: "Ulikuwa unameza nini kabla ya hii?" Na futi ya kupima kiuno, maana mafuta ya ndani ya tumbo mizani haiyaoni.

Ningeishia kwenye hasira zangu kama si mwenzangu wa kwenye benchi. Aliona nimenuna, akasogea, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ameshapata njia. Anameza leo, kesho anaruka, na sketi zimeanza kumtosha tena. Naye aliambiwa apunguze mdomo. Katika vyote vinavyopita hapo, alichoona rahisi kupunguza ni kidonge.

Nilimshika mkono tukarudi mlangoni kwa nesi, tukasimama pale hadi foleni ilipokwisha.