Msiniagize rangi, tafuteni mpinzani

Kila nikisema napaka rangi visanamu vya michezo ya vita vya mezani, ujumbe wa kwanza kutoka nyumbani huwa ni oda. Nibebee vichupa vya rangi ya Citadel. Nibebee na vya Vallejo. Brashi ya manyoya, na mzigo ukiruhusu, boksi moja la askari wa plastiki. Nawaelewa. Ukitazama video za wapakaji wa Uingereza, meza imejaa vichupa kama duka la dawa, na ni rahisi kuamini kwamba ufundi wote umo humo. Mimi naishi huku vinakouzwa, na nasema rangi ndiyo kitu cha mwisho mnachokosa.

Uingereza imetutangulia, hilo halina ubishi. Mwandishi H. G. Wells alichapisha kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea mwaka 1913. Kampuni ya Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975, ikatoa mchezo wa Warhammer mwaka 1983 na Warhammer 40,000 mwaka 1987. Leo makao yake yako Nottingham, mji ambao pia una kampuni nyingine za visanamu: Warlord Games, Mantic na Perry Miniatures. Maonyesho ya michezo hii yaitwayo Salute yamekuwa yakifanyika London tangu mwaka 1972. Kwa hiyo mtu mzima wa huku akiaga kazini kwamba jioni anakwenda klabuni kupigana vita vya visanamu vya milimita 28, hakuna anayemshangaa. Amezaliwa akaikuta hali hiyo, na hilo, kwangu mimi, lina thamani kuliko kabati zima la rangi.

Klabu yenyewe haina makuu. Ni ukumbi wa kukodi, meza za kukunja za futi sita kwa nne, maboksi ya nyumba na miti ya mandhari ambayo ni mali ya wote, na mtu mmoja mwenye ufunguo. Mstaafu aliyepaka jeshi la Napoleon kitufe kwa kitufe anacheza na kijana wa chuo ambaye askari wake bado ni wa kijivu, kama walivyotoka kwenye fremu ya plastiki. Na hao wa kijivu ni wengi mno! Watu wa huku hununua kwa kasi kuliko wanavyopaka, na maboksi ambayo hayajafunguliwa hupandana chini ya kitanda. Katika Warhammer 40,000, jeshi lililopakwa rangi kwa kiwango cha kuridhisha hupewa pointi 10 za ushindi. Nchi yenye kila rangi, bado watu wanabembelezwa kwa pointi ili wapake.

Sasa tuje kwenye vifaa, maana hapo ndipo ubishi unapoanzia. Rangi yoyote ya akriliki yenye chembe laini inafaa, mradi uipunguze kwa maji na upake tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito inayoziba macho na vidole. Wino au rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji, ikiwa na tone la sabuni ya vyombo, hutiririka yenyewe kwenye mikunjo ya nguo na kufanya kivuli. Kisha chukua brashi kuukuu, ichovye rangi nyepesi, ifute karibu yote kwenye kitambaa, upitishe juu ya sehemu zilizojitokeza. Kisanamu kinaamka. Kwenye joto, akriliki hukauka kabla hujamaliza mkono mmoja, na dawa yake si chupa ya bei mbaya. Chukua trei bapa, tandika sifongo au karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, juu yake weka karatasi ya kuokea, na uchanganyie rangi hapo.

Rangi ya msingi, ile ya kwanza kabla ya nyingine zote, ya kopo la kupuliza siwashauri sana. Unyevu hewani huifanya itoke na punjepunje, na hata huku kila msimu wa baridi tunasubiri siku kavu. Pakeni kwa brashi, maisha yaendelee.

Kwa mandhari, ndiyo kabisa, nyumbani mko mbele. Povu jeupe lililofungia televisheni ni kilima. Boksi la viatu ni nyumba, mzizi mkavu ni mti uliokufa, mchanga na gundi nyeupe ya mbao ni ardhi. Angalizo moja: kopo la kupuliza hula povu hilo na kuacha mashimo, kwa hiyo lipakeni kwanza gundi iliyochanganywa na rangi, na liachwe likauke sawasawa. Huku kuna watu wanaonunua mchanga. Ndiyo, mchanga, kwenye kopo dogo lenye lebo.

Ugumu wa kweli ni visanamu vyenyewe, hapo siwadanganyi. Posta na ushuru vinauma. Lakini askari wa plastiki wa skeli ya 1/72 ni nafuu, na visanamu vya karatasi unavichapa popote. Watu wachache wakichangia printa ya 3D ya resini, inayotengeneza visanamu vyenyewe, wana kiwanda, ila wavae glovu, wafungue madirisha, na wasipige msasa bila barakoa.

Tena kuna kazi ambayo nawasubiri nyinyi muifanye. Chupa iliyoandikwa rangi ya ngozi huku mara nyingi ina rangi ya waridi. Mwenye kupaka ngozi nyeusi kwa kukisia huanza na kahawia tupu kisha huangazia kwa nyeupe, na sura inapauka kama imepakwa majivu. Anza na kahawia iliyoiva yenye wekundu kidogo, kivuli kichanganye na zambarau au bluu, mwanga uuinue kwa kahawia inayoelekea chungwa. Nimeona meza za vita vya Tanga, Novemba 1914, na nyuki waliowavamia wanajeshi wakiwekewa kanuni zao mchezoni. Askari wapo, bunduki zipo, sare zimefanyiwa utafiti hadi vifungo. Wapagazi, ambao bila wao hakuna kikosi kilichosogea hata hatua, ni wawili watatu pembeni kama pambo. Mezani kwenu huenda wangewekewa kanuni zao, mzigo usipofika bunduki isifyatue.

Lakini meza hiyo haipo bila mtu wa upande wa pili. Jeshi lisilo na mpinzani ni pambo la kabati, hata likipakwa vizuri namna gani. Msianze na majeshi makubwa. Michezo ya vikosi vidogo hutaka visanamu vitano hadi kumi kila upande, na wachapishaji waitwao One Page Rules hutoa kanuni za msingi bure mtandaoni. Usingoje rafiki anunue chake, hatanunua. Paka vikosi viwili wewe mwenyewe, kwa rangi mbili zinazotofautiana ukiwa mbali, tafuta dadu, kisha mwite mtu ambaye hajawahi kusikia mchezo huu. Mwache achague kikosi kwanza.