Mwalimu mkuu mgeni au mwenyeji? Hesabu ya visiwa vya Lamu

Kila Januari, habari za uhamisho zikianza kuvuja, barazani Lamu huulizwa jambo moja: shule ile imeletewa nani, mtu wetu au mtu wa bara? Wanaouliza ni wazazi. Mimi ni mtu wa Malindi, nimefundisha miaka saba kisiwani Pate kabla ya kuiweka chaki chini, na naliuliza kwa niaba ya walimu: kati ya hao wawili, ni yupi ambaye chini yake mwalimu hufundisha vizuri zaidi?

TSC, tume inayowaajiri walimu nchini Kenya, iliwahi kulijibu. Mwaka 2018 ilianza kuwahamisha walimu wakuu kutoka kaunti zao, kwa hoja kwamba aliyezeeka kwao hufungwa mikono na ukoo na siasa za pale. Vyama vya walimu vikapinga: familia zinatenganishwa, watu wanapelekwa wasikojua lugha wala desturi. Baada ya uchaguzi wa 2022 sera ikalegezwa. Nimefanya kazi chini ya wote wawili, na sioni upande uliokuwa ukisema uongo.

Ukipangiwa Faza au Kizingitini, vijiji vya Pate, mtaala si shida yako ya kwanza. Kwanza nyumba, kisha maji, kisha boti. Maji ya jabia, birika la mvua, hupungua kiangazi kikikaza, na safari ya Amu, yaani mji wa Lamu, hungoja bahari ijae, maana pale kwenye mlango mwembamba wa Mkanda maji yakitoka chombo hupanda mchanga. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa mwenyeji. Nilishuka gatini jua likizama nimelowa, barua ya TSC mkononi, hakuitazama. "Umepata pa kulala?" Usiku uleule nikapata chumba kwa mama mmoja mjane aliyekataa kodi ya mwezi wa kwanza. Wavulana walipoanza kuacha darasa wafuate kamba mawe, mkuu alijua ni mzee gani wa kwenda kumwona baada ya sala ya alasiri. Hakuniachia mimi nikagombane na baba zao.

Lakini mkuu huyohuyo hakuweza kumwandikia onyo mwalimu aliyekuwa mpwa wa mkewe. Kijana yule alikuwa na mazoea ya kukosa Jumatatu. Vipindi vyake nikavishika mimi muhula mzima, juu ya vyangu. Na hapa ndipo nisipokubaliana na wanaosema mkuu mpole ndiye rafiki wa walimu. Upole ule ulikuwa na mlipaji, na mlipaji nilikuwa mimi. Mwalimu mwenzangu mmoja alichoka akaomba uhamisho, na mkuu akashangaa kweli, maana hakuwahi hata siku moja kumpandishia sauti.

Wa pili alitoka bara. Wiki ya kwanza tu, ratiba ilibandikwa ukutani na mpwa akaanza kuonekana Jumatatu. Mkuu aliingia darasani kwangu, akakaa nyuma kimya, kisha akanivuta chemba: "Umeuliza maswali kumi na mawili. Yote yamejibiwa na watoto walewale wanne." Nilikasirika siku mbili. TPAD, fomu ya tathmini ya utendaji wa mwalimu ambayo TSC imetujazisha tangu 2016, haikuwahi kuniambia kitu cha maana kama hicho; mimi nilijipa alama, naibu akazithibitisha, tukahangaika na intaneti, basi.

Ila Alhamisi alasiri mkuu huyo alikuwa botini. Kusi likivuma, Jumatatu alipiga simu kutoka Mokowe, gati ya bara, kwamba bahari haipitiki, na mara nyingine ilikuwa kweli. Mzazi mmoja alipokuja kumfokea mwalimu mgeni mbele ya watoto, ofisi ilikuwa na kufuli. Binti wa watu alisimama peke yake uwanjani. (Shule za Basuba, bara ya Lamu, zilizofungwa kuanzia 2014 kwa hofu ya al-Shabaab, sizitii katika mjadala huu, huko mwalimu huuliza usalama kabla ya kumuuliza mkuu.)

Sekondari ya msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, imezidisha uzito. Tangu 2023 iko ndani ya shule za msingi, ikiwa na walimu wa mkataba wenye digrii waliolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, chini ya mkuu ambaye huenda kisomo chao kimempita. Wengine wakahisi wanadharauliwa, yeye akahisi anapimwa. Mwaka 2024 walimu hao wakamwagika barabarani kudai ajira ya kudumu. Wakuu nao wana lao, na ni la haki. Mgao ni shilingi 15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya kisiwani yenye wanafunzi 30 wa ngazi hiyo hupata 451,260, ikifika yote, na sehemu yake imetengewa majengo. Shule ya mjini yenye wanafunzi 300 hununua vifaa vya sayansi. Huku mkuu huchagua kati ya vifaa hivyo na nauli ya boti. Kumlaumu kwamba hawasaidii walimu ni rahisi ukiwa hujaona daftari lake la hesabu.

Pamoja na hayo, ningeulizwa leo, ningemchagua mgeni, kwa sharti kwamba naibu wake awe mwenyeji na akae kisiwani. Mgeni anaweza kusema hapana kwa mpwa, naibu akatafuta chumba na kumjua mzee wa alasiri. Tuliupata mpango huo mwaka mmoja, kwa bahati tu, wala hakuna aliyeupanga. Vipindi vyangu vilirudi kuwa vyangu, na mwalimu aliyefokewa alianza kusindikizwa na naibu hadi kwa yule mzazi, wakanywa chai.

Januari iliyofuata naibu akapandishwa cheo na kuhamishwa. Mkuu mpya alipotua, aliniuliza mimi nyumba za kupanga ziko wapi.