Kumkinga mjamzito kwa kutomchunguza

Fungua boksi la dawa, kunjua ile karatasi ya ndani, tafuta sehemu ya ujauzito. Mara nyingi utakuta maneno yale yale: taarifa hazitoshi, muulize daktari. Daktari naye anategemea karatasi hiyo hiyo.

Taarifa hazitoshi kwa sababu wajawazito huachwa nje ya majaribio mengi ya dawa, kwa hofu ya kumdhuru mtoto tumboni. Hofu hiyo ina chanzo. Thalidomide iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957, wajawazito wakapewa kutuliza kichefuchefu, na watoto wapatao 10,000 duniani wakaathirika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Lakini dawa hiyo haikuwadhuru ndani ya jaribio. Iliwafikia bila kupimwa kwao.

Hoja nzito zaidi ya wenye tahadhari ni DES, homoni ya kutengenezwa waliyopewa wajawazito kuzuia mimba isiharibike. Madhara yake, saratani adimu ya uke kwa mabinti wa waliotumia, yalibainika mwaka 1971, mabinti hao wakiwa wameshakua. Jaribio la miezi tisa lisingeyaona, na hilo nalikubali.

Hata hivyo, kutojua nako kuna gharama, na Botswana iliionyesha. Mei 2018 watafiti waliokuwa wakifuatilia uzazi nchini humo walitangaza kwamba kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa kwenye dolutegravir, dawa ya kufubaza VVU, wanne walizaa watoto wenye kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Wanne! Ni karibu asilimia 0.94, dhidi ya 0.12 kwa waliotumia ARV nyingine. Kutangaza ilikuwa lazima, na siwalaumu. Ila idadi ilikuwa ndogo mno, na nchi kadhaa ziliwazuilia dawa hiyo bora wanawake wenye umri wa kuzaa. Julai mwaka huo wanawake wa Kiafrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali wakadai wapewe taarifa, wachague wenyewe. Hesabu ilipofika uzazi 1,683, kiwango kilishuka hadi asilimia 0.30, mwaka 2020 kikawa 0.19, na baadaye tofauti ikatoweka. Walionyimwa dawa walikuwa wamelipia uhaba wa takwimu, si ubaya wa dawa.

Tunapothubutu kupima, tunapata majibu. Mwaka 2002 jaribio la Magpie, lenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kuwa magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu.

Bado majaribio makubwa ya kwanza ya chanjo za korona yaliwaacha wajawazito nje. Desemba 2020 Uingereza iliwaambia wasubiri, Marekani ikawaachia uamuzi. Muuguzi mwenye mimba, anayehudumia wagonjwa wa korona kila siku, ilimbidi achague bila takwimu za jaribio hata moja la wanawake wenye hali kama yake.