Mafuta ya plastiki yaende tanurini, si kwenye tangi la bodaboda

Kiriba, kile kifuko cheusi cha plastiki cha kuoteshea miche, hukaa na mche miezi michache kitaluni, kisha siku ya kupanda huchanwa na kutupwa. Pita Mufindi, Njombe au Rungwe mvua zikiwa zimekolea, utaviona vimelala vyeusi pembeni mwa mashamba mapya ya mipaina na maparachichi. Wanunuzi wa plastiki hawavitaki kwa sababu ni vyembamba na vimejaa udongo. Kuvipika viwe mafuta ni wazo jema na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Ninachopinga ni ahadi inayoambatana nalo, kwamba kitakachotoka ni petroli ya kumwaga kwenye bodaboda.

Upishi huo huitwa pairolisisi: ni kupasha plastiki joto kali ndani ya chombo kisichoingiza hewa, hadi minyororo yake mirefu ikatike. Polithini, ambayo ndiyo kiriba chenyewe, hutoa mvuke wa maana joto likifika nyuzi 400 na zaidi. Mvuke unaopoa unakuwa mafuta, usiokubali kupoa ni gesi inayowaka, na chini hubaki unga mweusi. Yale mafuta ni mchanganyiko: kuna sehemu nyepesi kama petroli, ya kati kama dizeli, na nta nyingi.

Kwa huku kwetu nyanda za juu, nta ndiyo adui wa kwanza. Asubuhi ya Julai kule Makete, mafuta yaliyotoka jana yakitiririka yanaweza kuganda ndoo nzima kama samli. Kwenye ndoo huo ni usumbufu tu. Ndani ya bomba la kupozea ni bomu, kwa sababu chungu kinaendelea kutoa mvuke na mvuke hauna pa kutokea. Fundi anayezungusha bomba la nusu inchi ndani ya pipa la maji baridi anatengeneza kizibo kwa mikono yake. Bomba liwe la inchi 2, limenyooka, linateremka toka mwanzo hadi mwisho. Kipande cha kwanza kiachwe na joto la nyuzi 80 hadi 100, nta ishuke ikiwa bado maji na ipokelewe kwenye chombo chake. Maji baridi yaanze kipande cha pili. Kati ya chungu na bomba kusiwe na koki hata moja, maana siku moja mtu ataifunga. Valvu ya usalama iwepo, na mdomo wake uelekee mbali na moto.

Ipo pia dawa nafuu ya nta: simamisha bomba pana la kama mita moja juu ya chungu kabla ya upoozaji. Mvuke mzito hupoa humo, hudondoka na kupikwa tena. Upishi unachelewa, lakini mafuta yanatoka mepesi.

Chungu kisiwe pipa la lita 200. Bati lake halifiki milimita 2, na likitoboka juu ya jiko mvuke wote unashika moto. Tumia bamba la milimita 6 au zaidi, na gasketi ya grafiti kwenye kifuniko, kwa sababu gasketi ya mpira itaungua kabla hata mafuta hayajaanza kudondoka.

Gesi isiyopoa irudishwe jikoni ikipitia kwanza kwenye maji, mdomo wa bomba ukizama sentimita 10 hivi, ili mwali usirudi nyuma. Usiiwashe mapema, subiri hewa ya mwanzo iishe kutoka. Kisha kuna kosa linalosahaulika sana. Moto ukipungua, mvuke uliomo ndani husinyaa na kuvuta yale maji kurudi kwenye chungu chenye moto. Weka chombo kitupu katikati kiyadake. Na chungu kisifunguliwe hadi uweze kukigusa kwa mkono, kwani hewa ikiingia kingali cha moto, kinaweza kulipuka.

Kuhusu kinachoingia, sina huruma. Viriba vikung'utwe, vioshwe, vikauke kabisa. Maji yakibaki, plastiki iliyoyeyuka hufura na kupanda bombani. Chupa za maji ya kunywa hutoa unga wa asidi unaoziba bomba. Mabomba ya PVC, ganda la nyaya za umeme na maturubai mazito ya malori hutoa asidi ya hidrokloriki, inayokula chuma na mapafu. Kupima ni rahisi: vipande vikiwa kwenye beseni la maji, kiriba na kiroba cha mbolea huelea, ilhali PVC na chupa za maji huzama. Ukibaki na shaka, pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, uguse plastiki, uurudishe motoni. Mwali wa kijani unaonyesha klorini. Makopo ya viuatilifu yasiingie kabisa. Madumu na ndoo zilizopasuka ziende kwa wanaosaga, maana plastiki inayoweza kuwa beseni jipya ina thamani kuliko mafuta.

Sasa hesabu. Kilo 20 za viriba safi, mtambo ukiwa mzuri, zitatoa kilo 12 hadi 14 za mafuta, yaani lita 15 hadi 18. Kilo 14 zina nishati ya karibu megajuli 590. Lakini ukichoma kilo 40 za mabanzi makavu chini ya chungu kisichofunikwa kwa udongo au sufi ya kuzuia joto, umetumia karibu megajuli 640. Umepoteza nishati na umekata miti. Kupika kwenyewe kunadai megajuli 2 hadi 3 tu kwa kilo; zinazobaki zinapeperuka na moshi na kupitia kuta za jiko.

Mafuta hayo yakikaa hujenga utomvu unaoziba kabureta na nozeli. Ile sehemu nyepesi hushika moto hata kwenye baridi yetu, kwa hiyo kuyatia kwenye kibatari ni kuita msiba nyumbani. Biashara ya mafuta nchini Tanzania inasimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na viwango vinawekwa na TBS, shirika la viwango. Dumu linalouzwa barabarani halina usimamizi huo wala viwango hivyo. Mahali pa mafuta haya ni kwenye bana, yaani kichomeo, yenye feni, kwenye boila, vikaushio au tanuru za chokaa, ambako hata nta ikipashwa joto inaungua vizuri bila kutenganishwa.

Halmashauri zinazokopesha vikundi kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ziombe kwanza karatasi moja ya mizani: kilo za plastiki zilizoingia, za kuni zilizochomwa, za mafuta yaliyotoka, na za unga mweusi uliobaki. Pembeni yake iandikwe unga huo unahifadhiwa wapi, kwa sababu hubeba rangi na metali zilizokuwa kwenye plastiki, na kuna watu wanaoumwaga bustanini wakidhani ni mbolea.